Weupe wa Meno na Usafi wa Kinywa: Tusichanganye Mambo Mawili

(Haya ni mawaidha yaliyotolewa baada ya Swala ya Magharibi katika msikiti mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam. Tumeyachapa takriban kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetupa ulimi wa kumtaja na kinywa cha kulia riziki Yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha adabu za msikitini na adabu za chooni, adabu za vita na adabu za kusafisha meno. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, na mama zangu na dada zangu mnaosikiliza kutoka upande wenu, jioni hii nimekusudia kuzungumzia meno. Najua wapo watakaojiuliza: Je, Ustadhi amekosa mada? Nawaomba subira. Jambo hili nimelipata ndani ya darasa langu mwenyewe, nami nilikuwa na kosa ndani yake. Kwa hiyo ninapozungumza, naanza kujinasihi nafsi yangu.

Katika darasa letu la watu wazima, lile la baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa na kijana mmoja mpole, anayefanya kazi ya kubeba na kupanga mizigo katika duka la vitambaa hapa Kariakoo. Alizaliwa chini ya Mlima Meru, akaja mjini kutafuta riziki. Hifdhi yake ilikuwa nzuri, lakini alikuwa akinichosha katika tajwid. Kila alipofika kwenye herufi thaa, dhaal na dhwaa, sauti ilipotea. Wanafunzi wa tajwid wanajua kwamba herufi hizi tatu haziji mpaka ncha ya ulimi ifike kwenye ncha za meno ya mbele ya juu, na kwamba faa haiji sawasawa mpaka meno hayo hayo yaguse mdomo wa chini. Yeye alikuwa akisoma midomo imekaribia kufumba, na mara nyingine kiganja kikiwa mbele ya mdomo.

Siku moja nikakasirika. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Fungua mdomo bwana! Unamficha nani?" Akafungua. Meno yake ya mbele yalikuwa na mabaka ya kahawia, kama kikombe cha chai ambacho hakikusuuzwa. Mwanafunzi mmoja akacheka, kisha wawili, kisha nusu ya darasa. Nami, Allah anisamehe, sikuwakemea. Nikasema tu, "Mswaki, kijana, mswaki ni Sunna."

Hakuonekana tena kwa muda wa wiki tatu. Tulipomtafuta tukamkuta kwenye chumba alichopanga, hali uji isipokuwa uliopoa. Alikuwa amenunua barabarani kichupa cha maji ya kung'arisha meno kutoka kwa muuzaji mmoja mwenye kipaza sauti kidogo, ambacho tangazo lake halichoki: "Meno meupe, dakika tano, meno meupe, dakika tano." Kichupa hakikuwa na jina la dawa iliyomo, wala kiwango chake, wala mahali kilipotengenezwa. Alipaka mara moja akaona kidogo, akapaka mara tatu usiku mmoja. Asubuhi fizi zilikuwa zimebabuka na kugeuka nyeupe, na meno yakawa na ganzi hata kwa upepo. Yale mabaka ya kahawia yalibaki pale pale.

Tukampeleka kwa daktari wa meno. Niliyoyasikia huko ndiyo yaliyonifanya niende kuvifungua upya vitabu vyangu, kisha nije kusimama mbele yenu.

KINYWA SAFI NI AMRI YA ZAMANI

Kwanza tuweke msingi. Hakuna Muislamu anayehitaji kuhimizwa na tangazo la dawa ya meno ili asafishe kinywa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau asingechelea kuutia umma wake katika mashaka, angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila Swala. Katika mapokezi mengine alifundisha kuwa mswaki unakitakasa kinywa na unamridhisha Mola. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa katika saa za mwisho za uhai wa Mtume (s.a.w.) ndugu yake Abdurrahman aliingia na mswaki mkononi. Mtume (s.a.w.) akautazama. Bibi Aisha akafahamu, akauchukua, akaulainisha, akampa, naye akausugua. Mtu anayekaribia kuiaga dunia, na bado anautaka mswaki!

Lakini zingatieni jambo moja. Katika Hadithi zote hizi linalotajwa ni utakaso wa kinywa na radhi za Mola. Rangi haikutajwa. Mtu anaweza kuwa na meno ya rangi ya maziwa na kinywa chake kikawakimbiza Malaika na majirani wa safu, na mwingine akawa na meno ya kahawia na kinywa chake kikawa safi kabisa. Kosa langu darasani lilikuwa hilo: niliiona rangi, nikaihukumu kuwa ni uchafu.

RANGI YA JINO INATOKA WAPI?

Jino lina tabaka la nje linaloitwa enameli, nalo ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanaadamu, kigumu kuliko mfupa. Tabaka hili linapitisha mwanga. Chini yake kuna tabaka jingine, dentini, ambalo kwa maumbile yake lina umanjano. Kwa hiyo jino zima lenye afya halina weupe wa karatasi. Umanjano mwepesi ndiyo rangi yake, na kadiri mtu anavyozeeka enameli hupungua na umanjano huzidi kuonekana. Hakuna aibu katika hilo, kama ambavyo hakuna aibu katika mvi.

Madoa yanayoharibu rangi ni ya namna mbili. Namna ya kwanza hutoka nje na kukaa juu ya jino: kahawa, chai ya rangi, sigara, ugoro, tambuu, mirungi, na ule ukoga usiosafishwa mpaka ukawa ugaga mgumu. Haya yanaondoka. Mengine huondoka kwa mswaki wa kila siku, na ugaga huondolewa na daktari wa meno kwa vyombo vyake.

Hapa niseme neno kwa wazee wangu na vijana wangu wa vibarazani. Kahawa yetu ya jioni na kashata hatuikatazi, sukutua tu ukimaliza. Lakini mtu anayetafuna tambuu yenye popoo na tumbaku, kisha akanunua dawa ya kung'arisha meno, amefanya kama mtu anayechota maji kwa tenga. Popoo peke yake, bila tumbaku, imewekwa na taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani kwa mwanaadamu, kwa taarifa yake iliyochapishwa mwaka 2004. Hapo shida imeshavuka rangi, imefika kwenye uhai. Na mirungi ni dawa ya kulevya kwa sheria ya nchi yetu.

Namna ya pili ya madoa imo ndani ya jino lenyewe, nayo ndiyo ya kijana wetu.

MAJI YA MERU

Ndugu zangu, nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa, na katika bonde hilo kuna milima ya volkano. Mawe na majivu ya milima hiyo yana madini ya floraidi, na maji yanayopita humo huyabeba. Ndiyo maana visima, chemchemi na mito mingi ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga ina floraidi kupita kiasi. Maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru, yana kiwango kikubwa mno. Na upo mto katika barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi, wenye mji mdogo kando yake, unaoitwa Maji ya Chai. Watafiti wa maji wanautaja mara kwa mara katika habari hii. Na msidhani kuwa floraidi ndiyo inayoonekana kwa macho: haina rangi, haina harufu wala ladha. Mama anachota maji maangavu kisimani, anampikia mtoto wake uji kwa mapenzi yote, naye hajui.

Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania, kwa uhaba wa maji, ilijiwekea mwaka 1974 kipimo cha muda cha miligramu 8, baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa kipimo chetu ni hicho hicho 1.5. Lakini kubadilisha karatasi ni rahisi kuliko kubadilisha kisima, na wako watu mpaka leo wanaokunywa yaliyozidi.

Madhara yake kwa meno hutokea utotoni. Tangu mtoto azaliwe mpaka afikie takriban miaka 8, meno yake ya ukubwani yanaumbwa ndani ya taya kabla hayajachomoza. Floraidi ikizidi mwilini katika miaka hiyo, enameli haikomai sawasawa, na jino huchomoza likiwa na michirizi myeupe kama chaki. Likiwa limeathirika sana hushika rangi ya kahawia na kumeguka. Mtu mzima anayehamia huko na meno yake yaliyokwisha kukomaa hapati mabaka hayo. Na mtoto wa huko akihamia Dar es Salaam baada ya meno kukomaa, huja nayo mpaka kaburini. Mahali ambapo floraidi ni nyingi zaidi, hata mifupa huathirika, miguu ya watoto ikapinda na migongo ya wazee ikakakamaa.

Watafiti wameonesha pia kuwa magadi, yale yanayotiwa kwenye maharage na mboga ili ziive haraka, yanaweza kubeba floraidi nyingi, na kwamba watoto wamepata madoa hata katika vijiji ambavyo maji yake si mabaya. Kina mama, hilo liwekeni akilini mnapompikia mtoto mdogo.

Sasa rudini darasani kwangu. Kijana yule hakuwa na uchafu kinywani. Alikuwa akipiga mswaki kuliko wenzake, kwa sababu tangu utotoni anaambiwa kuwa hapigi. Angesugua mpaka asubuhi, doa lisingetoka, kwa kuwa halikai juu ya jino, limo ndani. Alichobeba mdomoni ni maji ya kijijini kwao. Nami mwalimu wake, mwenye shahada ya lugha ya Mtume (s.a.w.), nilimpa Hadithi ya mswaki kama fimbo.

KINACHOUZWA MITAANI

Yeyote anayepita mitaa yetu, Kongo, Msimbazi au Mchikichi, hasa miezi ya harusi, anajua bidhaa zinazopangwa kwenye meza: unga mweusi wa mkaa, vichupa, karatasi za kubandika, taa ndogo za bluu. Sisemi kuwa kila kinachouzwa ni sumu, wala siwachukii wanaotafuta halali yao juani. Lakini muuzaji ana amana, na mnunuzi ana mwili ambao ataulizwa.

Mkaa na msasa wa kila aina husafisha kwa kukwangua. Mwanzoni jino hung'aa kwa sababu doa la juu limetoka. Ukiendelea, unaipunguza enameli, na enameli haina chembe hai za kuijenga upya. Iliyokwenda imekwenda. Na mmesikia kuwa chini yake kuna umanjano. Basi mtu huyu anakwangua weupe ili apate weupe, na kila siku jino lake linazidi kuwa la manjano, naye anazidi kukwangua. Wataalamu wa meno wa Marekani walipopitia utafiti uliokuwapo kuhusu dawa za mkaa, katika mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017, hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuthibitisha usalama wala faida zinazotangazwa.

Ndimu na siki ni mbaya zaidi. Tindikali yake inaiyeyusha enameli yenyewe. Ndimu tieni kwenye samaki.

Kinachobadilisha rangi kwa hakika ni dawa yenye peroksaidi, ile ya jamii ya dawa zinazopaushia nguo na nywele. Inapenya ndani ya jino na kuvunja chembe za rangi. Madaktari wa meno huitumia, na ikitumiwa kwa kiasi na kwa usimamizi madhara yake kwa kawaida ni ganzi ya muda tu. Lakini kiasi ndicho kila kitu. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2011, ziliruhusu dukani dawa yenye asilimia 0.1 tu ya peroksaidi ya haidrojeni. Iliyozidi hapo mpaka asilimia 6 haitolewi ila kupitia kwa daktari wa meno, wala haitumiwi kwa walio chini ya miaka 18. Iliyozidi 6 imekatazwa kabisa. Sasa jiulizeni: kichupa kisicho na maandishi kina asilimia ngapi? Muuzaji mwenyewe hajui. Na juu ya jino lililoziba au lililovishwa kofia, dawa haifanyi kitu, ukabaki na rangi mbili mdomoni. Na juu ya mabaka ya floraidi yaliyo mazito, dawa hiyo peke yake haitoshi, mara nyingine kule kwenye chaki huzidi kupauka na kahawia ikaonekana zaidi.

Kwetu, tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, baada ya kutoka kwa iliyokuwa TFDA. Muislamu mwenye duka asingoje mkaguzi. Kuuza usichokijua, kwa maneno ya "dakika tano", ni ghashi, na Mtume (s.a.w.) alijitenga na mwenye kughushi.

MPAKA WA SHERIA

Swali linaloulizwa sana: Je, kung'arisha meno ni haramu?

Abdullah bin Mas'ud (r.a.) amepokea Hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanawake wanaochonga mianya baina ya meno yao kwa ajili ya uzuri, wenye kubadilisha alichoumba Allah. Jambo hili halikubaki Bara Arabu. Katika nchi yetu mwanya unasifiwa sana. Aliyezaliwa nao ni neema yake, amshukuru Mola. Lakini wapo waliokwenda kuchongwa mwanya kwa tupa, na hao wamo ndani ya makemeo haya waziwazi. Na kabla yao, wazee wa baadhi ya makabila yetu walichonga meno yakawa na ncha kali, na huo ndio ulikuwa urembo wa siku hizo. Leo mjukuu anaona ajabu meno ya babu yake kwenye picha. Kesho mjukuu wake naye ataona ajabu weupe wa kioo tunaoutafuta sisi. Mitindo inapita, jino lililochongwa halirudi.

Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa tamko "kwa ajili ya uzuri" ndilo linaloonesha kilichokatazwa, na kwamba anayehitaji kufanya hivyo kwa matibabu au kwa kasoro iliyomo kwenye jino, hana ubaya. Na yupo Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya zama za ujahiliya. Akavaa pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Wanachuoni wakaichukua kuwa hoja katika kufunga meno kwa dhahabu panapokuwa na haja. Dini hii haikumwacha mtu na aibu ambayo dawa yake ipo.

Kutokana na hayo, na kwa mujibu wa fatwa za wanachuoni wengi wa zama zetu, mambo yanapangika hivi:

1. Kuondoa madoa ya juu, ukoga na ugaga ni usafi, na usafi unatakiwa.

2. Kutibu doa la ndani, kama la floraidi, kwa kupausha, kuziba au kufunika, ni kuondoa kasoro, na inajuzu, kwa sharti lifanywe na mjuzi na lisiwe na madhara makubwa kuliko faida.

3. Kuchonga jino zima lenye afya ili lifuate mtindo, huko ndiko kunakokatazwa.

4. Kung'arisha rangi kwa dawa bila kuchonga, asili yake inajuzu. Lakini likiingia dhara, au israfu, au udanganyifu, kama kumficha mposaji kasoro ambayo ana haki ya kuijua, basi hukumu hubadilika. Anayekopa fedha ya ada ya mtoto ili meno yang'are kwenye picha za harusi, na aiulize nafsi yake anamfanyia nani.

MIGUU YA IBN MAS'UD

Nimemtaja Ibn Mas'ud (r.a.). Sasa nitawapa kisa chake kingine, kilichopokewa na Imam Ahmad, nacho ndicho kilichoniliza.

Siku moja alikuwa juu ya mti wa araki, mti ule ule wa miswaki tunaouziwa milangoni mwa misikiti yetu kila Ijumaa, akikata mswaki. Alikuwa mtu mwembamba sana. Upepo ukavuma, nguo ikapeperuka, miundi yake ikaonekana, nao ni myembamba kama vijiti. Watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawauliza kinachowachekesha. Wakasema, wembamba wa miundi yake. Akaapa kwamba miundi ile ni mizito katika mizani kuliko mlima Uhud.

Angalieni hali ilivyo. Mtu yumo katika kutafuta mswaki, anafanya Sunna, na watu wanayacheka maumbile yake. Mtume (s.a.w.) hakukaa kimya kama nilivyokaa mimi. Alikemea cheko papo hapo, akamwinua aliyechekwa mbele ya waliomcheka. Na Surat al-Hujurat imetukataza kudharauliana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, ikatutanabahisha kuwa huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka.

Ndugu zangu, biashara ile ya kichupa ina wauzaji wawili. Mmoja ni yule mwenye kipaza sauti. Wa pili ni sisi. Sisi ndio tunaomwita mtu "meno ya kutu", "meno mkaa", tunaosema "huyu wa Arusha huyu". Tunampeleka mpaka mezani, yule anamalizia tu kupokea pesa. Siku ya Kiyama muuzaji ataulizwa peke yake?

TUFANYE NINI?

Kwanza, tushikamane na mswaki, wa mti au wa dukani, na tusisugue kwa ghadhabu. Mswaki wa mti ukatwe ncha kila siku ili utumike sehemu mpya. Dawa ya meno yenye floraidi kidogo inalinda meno yasitoboke, tusiikimbie kwa sababu ya haya niliyosema. Kilicho dhara ni kuzidi, hasa utotoni. Mtoto mdogo apewe kiasi cha punje ya mchele, na afundishwe kutema.

Pili, anayetaka kung'arisha aanze kwa daktari wa meno. Asafishwe kwanza. Wengi wakishasafishwa ugaga hawahitaji tena kitu kingine.

Tatu, wenye jamaa katika mikoa niliyoitaja waulizie maji yao yamepimwa kiasi gani. Huko Ngurdoto, wilayani Arumeru, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti kinachotengeneza chujio la kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa wa kusugulia meno haumfai mtu, lakini mkaa huu wa kuchujia maji unaweza kumwokoa mjukuu wako. Na maji ya mvua, yakivunwa vizuri, hayana tatizo hilo. Anayetafuta sadaka yenye kuendelea, tangi la mvua kwenye madrasa ya kijijini ni katika milango yake. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki.

Nne, walimu wenzangu, tusimfundishe mtu Sunna kwa kumvunja mbele ya wenzake.

KUHITIMISHA

Jarir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kuwa tangu aliposilimu, Mtume (s.a.w.) hakumwona ila alitabasamu. Na Tirmidhi amepokea kuwa kutabasamu mbele ya uso wa ndugu yako ni sadaka. Sadaka hii haikuwekewa nisabu ya weupe. Anaitoa mwenye mapengo, anaitoa mzee asiye na jino hata moja, na inapokelewa inshaallah. Basi tusiweke sokoni kile ambacho Allah amekifanya bure, wala tusimfanye ndugu yetu aone haya kutoa sadaka yake.

Kijana wetu fizi zake zimepona, walhamdulillah. Daktari alimweleza kuwa meno mawili ya mbele yanaweza kuzibwa juu kwa rangi ya jino pindi atakapopata uwezo, na jamaa wa darasa, wale wale waliocheka, wameanza kuchanga bila yeye kuombwa kusema lolote. Mimi nilimwomba radhi mahali pale pale nilipomkosea, mbele ya watu wale wale, kwani kosa la hadharani halifutwi chumbani. Juzi alisoma. Kiganja kilikuwa juu ya goti. Meno ni yale yale ya kahawia, na dhaal ikatoka safi, kila mtu akaisikia.

Ewe Mola wetu, vitakase vinywa vyetu na ghiba na kejeli kama tunavyovitakasa kwa mswaki. Wape ndugu zetu maji yaliyo salama. Waponye waliodhurika. Tusamehe tuliyoyacheka tusiyoyajua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.